Tupeane uzoefu: siku uliyoingia Fort Jesus kwa mara ya kwanza

Mwanzisha mada, Kisauni
Asalaam aleikum wadau. Mimi mzaliwa wa Mombasa, na miaka yote Ngome hii ya Fort Jesus nimeipita tu nikielekea Mji wa Kale. Juzi shangazi yangu alishuka kutoka Voi, akasema harudi kwake bila kuingia. Tukaingia. Wallahi najuta kuchelewa. Kilichonishika si mizinga, ni michoro ya meli ambayo askari wa Kireno waliichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Milingoti, kamba, matanga. Nilisimama pale mpaka shangazi akatafuta pa kukaa. Mtu yuko mbali na kwao, hajui atarudi lini, anachora chombo kilichomleta. Nani mwengine ameingia? Leteni yenu.

Wa Tanga
Sisi tulivuka mpaka wa Horohoro na basi, tukafika saa sita mchana. Msifanye hivyo! Jiwe la matumbawe linarudisha joto, na uani kivuli ni cha kutafuta. Nendeni asubuhi wanapofungua. Jengine: nje tulipokewa na kijana aliyejiita mtembezaji. Bei? "Tutaelewana." Wakati wa kutoka akadai mara tatu ya tulichodhania, mke wangu akakasirika, safari ikaingia doa. Ulizeni kitambulisho na bei kabla ya hatua ya kwanza. Wakenya, bebeni kitambulisho cha taifa, kiingilio chenu ni nafuu.

Mwalimu, Nairobi
Nilipeleka darasa la sita. Walipoambiwa Waomani waliizingira Ngome kuanzia 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu, Wareno wakiwa ndani, binti mmoja akauliza, "Maji walitoa wapi?" Tukaenda wote kutazama birika, lile tangi la maji la Ngome. Somo la siku nzima likatoka kwenye swali hilo.

Wa Kibokoni
Wanangu, mimi naingia kwa sababu nyengine. Kuanzia 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa jela ya Waingereza, na babu yangu mzaa mama alifungwa humo. Marehemu mama alikuwa akinisimulia jinsi nyanya alivyobeba chakula hadi langoni na kurudi nacho. Watembezaji niliowasikia husimulia 1593 Wareno walipoanza kujenga, husimulia vita, kisha wanaruka hadi makumbusho ya 1962. Hiyo miaka sitini na tatu ya wafungwa inapitwa kwa sentensi moja. Haifai. Watu wa humo ni wa mji huu, na wajukuu wao tuko.

Niko Muscat
Hapa bandarini kuna ngome mbili, Jalali na Mirani, nazo Wareno walizishika hadi Waomani walipowatoa 1650. Nilikuwa naziona kila siku. Nilipokwenda likizo Mombasa nikapanda juu ya ukuta wa Fort Jesus, nikaangalia mlango wa bahari, nikaelewa: ni watu wale wale, bahari ile ile, wanagombania njia ya meli. Pandeni juu, msiishie chini.

Mwanzisha mada, Kisauni
Shikamoo mzee wa Kibokoni. Habari ya jela sikuisikia kabisa siku ile. Jumamosi narudi na mamangu, saa mbili asubuhi. Kama una nafasi, tukutane langoni, utuonyeshe nyanya alikuwa akisimama wapi.