Mrejesho: redio ya mtandaoni na bando la GB 10 lililokuwa linayeyuka

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini bando la GB 10 nyumbani linakata kabla ya nusu mwezi, na kazi yake ni redio ya mama tu. Wengi mlinituma nikabadilishe nywila ya Wi-Fi, eti majirani wananiibia. Nimebadilisha. Hakuna mwizi.

Mmoja wenu aliniambia nipige hesabu, na ndiye aliyepatia. Stesheni anayoipenda mama inarusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawa kwa 8, unapata kilobaiti 16 kila sekunde. Kwa saa nzima ni kama MB 58. Nilipima kwenye simu saa 2 mfululizo, ikasoma MB 119. Sasa mama huwasha alfajiri na kuzima usiku, saa 12 hazipungui. Hapo ni karibu MB 700 kwa siku!

Halafu kumbe hata "kuzima" kwenyewe alikuwa anashusha sauti tu. Redio inanyamaza, bando linaendelea kuliwa hadi asubuhi. Hapo nilicheka peke yangu.

Nimemhamishia kwenye mkondo wa kilobiti 64 wa stesheni hiyohiyo, matumizi yamekuwa nusu. Taarabu imepoteza utamu kidogo, ila taarifa ya habari husikii tofauti. Stesheni za hapa mjini anazipata kwa FM ya kawaida, haili hata MB moja.

Asanteni. Nywila mpya nimeshaisahau.