Mpigaji mgeni anafika siku mbili kabla ya onyesho, wanawezaje kupiga na okestra nzima bila kuvurugana?

Tarumbeta_Isevya:
Wakuu habari za jioni. Niko Tabora, napiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisani mwaka wa tisa huu, tupo watu 17. Kuna jambo linaninyima usingizi naomba anayejua anieleweshe.

Mwezi uliopita tulikuwa na jubilei tukamwalika mpigaji kutoka Kigoma, jamaa anajua kweli, nilimsikia mwenyewe pale Mwanga kwenye mkutano wa injili nikasema huyu lazima aje kwetu. Akapanda treni, Jumamosi tukafanya mazoezi naye, Jumapili tukavurunda mbele ya watu wote. Yeye anakimbia sisi tunavuta, halafu alipopewa nafasi ya kupiga peke yake akapamba pamba akazunguka weee na sisi hatujui anamalizia wapi, tuba wakaingia mapema, wengine bado wanasubiri, ikawa kila mtu na wimbo wake. Nikamwona kijana wa watu ameshusha chombo anatuangalia tu. Imeniuma mpaka leo maana yeye hana kosa na sisi sio wabovu kiasi hicho, nyimbo zetu tunazipiga vizuri tu.

Sasa nikiingia YouTube naona hizi okestra kubwa za Ulaya zinaleta mpiga piano au vayolini kutoka nchi nyingine kabisa, wiki hii yuko London wiki ijayo Berlin, na nasikia wanakaa naye mazoezi mara mbili tatu basi. Nyuma yake watu sabini na zaidi. Wanapiga nusu saa nzima hawapotezani. Sisi wimbo mmoja tunaukalia miezi mitatu. Wanafanyaje?? Na pale bosi ni nani, mwongozaji au mgeni?

Mwl_Nota:
Pole sana mkuu, hiyo imewakuta wengi.

Kazi za namna hiyo zinaitwa konseto, yaani chombo kimoja mbele na okestra nzima nyuma, kawaida sehemu tatu, ya kwanza ya haraka, ya katikati taratibu, ya mwisho haraka tena. Siku mbili unazoziona zinatosha kwa sababu kazi kubwa imeshafanyika kabla hawajaonana. Mtunzi wa zamani Beethoven ameacha konseto 5 za piano, za mwenzake Mozart zinahesabiwa 27, na ni hizo hizo zinazozunguka dunia nzima mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mgeni anayo kichwani tangu yuko chuo na wazee wa okestra wameipiga mara nyingi na wageni wengine. Nota ni zile zile kwa kila mtu, zina namba za mistari na herufi, mwongozaji akisema tuanzie D watu themanini wanaanzia D. Mazoezi hayo mawili matatu sio ya kujifunza wimbo, ni ya kupatana tu, spidi iwe ipi, hapa nasubiri kidogo, pale nasukuma. Na hata kabla ya kukutana na okestra mgeni anakaa na mwongozaji wawili tu wanapitia sehemu ngumu.

Swali kwako sasa, huyo kijana nota mlimpa lini?

Tarumbeta_Isevya:
Mwalimu umenishika pabaya. Hatukumpa nota. Tulimtumia voisi ya WhatsApp ya mazoezi yetu. Yeye anasoma nota za mistari, sisi nusu tunasoma sofa (do re mi) na waliobaki wanapiga kwa sikio.

Mwl_Nota:
Basi hapo ndipo ulipovunjika mkuu. Alikuja kujifunza wimbo wenu Jumamosi, na ninyi mkajifunza upigaji wake Jumapili hadharani.

Bi_Ujiji:
Mwanangu wa Isevya usijilaumu sana. Mimi nimekulia Ujiji kwenye taarabu za zamani, marehemu baba alikuwa anapiga fidla, na hilo la kupiga peke yake mpaka wenzio hawajui unarudi lini linajulikana. Mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, akifanya taksimu, yaani kupiga peke yake kwa kubuni, anazunguka anavyotaka, lakini akikaribia mwisho anarudi kwenye ile noti ya nyumbani na wote wanamwangalia mkono, hakuna anayeguswa na usingizi.

Kwenye konseto mahali hapo panaitwa kadenza. Okestra inanyamaza, mwongozaji anashusha fimbo, mgeni anabaki peke yake. Enzi za Mozart walikuwa wanatunga papo hapo. Ila kuna alama, mwisho wa kadenza anatetemesha noti moja kwa muda, ile wanaita trili, na okestra ikisikia hivyo inajua tunaingia. Alama ilikuwepo tangu zamani, ninyi hamkuwa nayo hata moja. Beethoven alipoandika konseto yake ya tano ya piano mwaka 1809 akaandika kabisa kwenye nota kwamba hapa usibuni kadenza, piga nilichoandika. Naona alikuwa ameyaona mengi.

Na kama unadhani wakubwa hawapatwi, mtafute Maria João Pires, mama wa Kireno mpiga piano. Miaka ya 1990 Amsterdam, watu wamekaa, okestra inayoongozwa na Riccardo Chailly inaanza, mama anashtuka, ni konseto ya Mozart namba 20 na yeye kajiandaa nyingine. Unaiona sura inavyobadilika kwenye video, anainama, anaongea na Chailly huku fimbo inaendelea kwenda. Chailly anamtia moyo kwamba hii unaijua. Okestra ina utangulizi wake mrefu pale, zaidi ya dakika mbili, akazitumia kujikusanya, zamu yake ikafika akaipiga kwa kichwa mpaka mwisho. Mimi nililia kuangalia. Hiyo ndiyo maana ya kuijua kazi kabla ya kupanda treni.

Besi_Gungu:
Shikamoo Bi Ujiji.

Kuhusu bosi, swali hilo hilo mwongozaji Leonard Bernstein aliwauliza watu ukumbini New York tarehe 6 Aprili 1962 kabla ya kuongoza konseto ya kwanza ya piano ya Brahms. Mgeni alikuwa Glenn Gould na alitaka ipigwe taratibu mno, Bernstein hakukubaliana, akageukia watu akawaambia wazi kwamba sikubaliani na upigaji huu lakini namheshimu, na tutaupiga anavyotaka. Wakaupiga. Kwa hiyo mimi nasema mgeni ndiye mwenye spidi, ukimwalika mtu mfuate.

Mwl_Nota:
Hapana Besi, usimpoteze mwenzako. Ule ulikuwa ugomvi wa nadra ndio maana unakumbukwa mpaka leo. Kawaida wanapatana kwenye mazoezi na okestra inamtazama mwongozaji, mwongozaji ndiye anamsikiliza mgeni. Watu 17 kila mmoja akimfuata mgeni kivyake mtakuwa na spidi 17.

Besi_Gungu:
Hapo kwenye kumtazama mmoja nakubali mwalimu. Ila spidi ya mgeni bado naitetea.

Mkuu wa Isevya ongezea hili, konseto ya tarumbeta ya Haydn ya mwaka 1796 itafute. Tarumbeta za wakati ule hazikuwa na valvu, vile vibonyezo vya kubadilisha noti, noti za chini zilikuwa na mapengo. Rafiki yake Anton Weidinger akatumia tarumbeta ya matundu yenye vifuniko, ikaweza kupiga skeli hadi chini, Haydn akamwandikia, na Weidinger akaipiga Vienna mwaka 1800. Sikiliza okestra inavyojishusha tarumbeta ikiingia. Kwenye konseto za zamani wanapunguza hata idadi ya wapigaji ili mmoja asikike. Ninyi mlikuwa 17 wote mnapuliza nyuma ya tarumbeta moja?

Tarumbeta_Isevya:
Wote. Tena kwa nguvu zote.

Bi_Ujiji:
Punguza mwanangu. Na usiseme haya ni ya Ulaya tu, Kinshasa hapo ipo okestra ya simfoni ya waumini wa Kimbangu tangu 1994, imezaliwa kanisani kama bendi yenu, mwanzoni vyombo vichache wakawa wanapokezana.

Tarumbeta_Isevya:
Asanteni sana sana wote, shikamoo Bi Ujiji. Nimeongea na viongozi leo. Tunamwalika tena Pasaka, nauli tumeshaanza kuchanga. Mwalimu wetu anaandika wimbo kwa nota za mistari na sofa chini yake, na namba kila mstari, namtumia kijana mwezi mzima kabla. Kwenye solo yake tumekubaliana atamalizia na trili, tuba hawagusi chombo mpaka mwalimu ainue mkono. Nyuma yake tutabaki saba. Nimempigia simu kumwambia, akanyamaza kwanza, halafu akauliza treni ya siku gani.