Gumzo la Ukoo wa Bwiru

Mjomba Masanja, 07:12
[Picha]
Jamani, angalieni kibarazani kwangu. Asubuhi nafagia, jioni unga wa mbao umerudi. Tundu lenyewe kwenye kenchi ni duara kabisa, kama limepigwa keke.

Shangazi Milembe, 07:15
Hao ndio wale! Nimetumiwa jana, subirini.

Shangazi Milembe, 07:16
[Video]
Eti nyuki wa majani wameingia Kanda ya Ziwa. Wanajenga rundo chini, ukilikanyaga umekwisha.

Kulwa, 07:31
Shikamooni. Shangazi, video ni ya kweli ila si ya kwetu. Huo ni msitu wa Amazon, Amerika Kusini. Nyuki hao kisayansi ni Bombus transversalis. Na jamii nzima ya Bombus, wale wanene wenye manyoya, huku kusini mwa Sahara hawapo kiasili.

Shangazi Milembe, 07:33
Marahaba. Nimeshawatangazia kikoba kizima 🙈

Babu, 07:40
Marahaba Kulwa. Hilo rundo ni kichuguu?

Kulwa, 07:44
Hapana babu, ni paa. Ndugu zao wengi ni wa nchi za baridi, na wengi wanajibanza ardhini, hata kwenye mashimo yaliyoachwa na panya. Hawa wa Amazon ardhi yao imelowa. Kwa hiyo kiota wanakiweka juu ya ardhi, mahali maji hayatuami, halafu wanakiezeka kwa majani makavu na vijizizi. Yanasukwa mpaka yanabanana, juu yamechongoka, mvua inateleza.

Babu, 07:46
Msonge huo. Wanaezeka bila kamba?

Kulwa, 07:49
Vijizizi ndiyo kamba. Mimi kinachonishangaza ni njia. Vibarua wanafyeka vijia kutoka kiotani. Wanakata jani kwa meno, wanalisukuma nyuma kwa miguu, kipande kwa kipande mpaka nyumbani. Kijia kinabaki kisafi kama uwanja wa bibi.

Babu, 07:53
Enzi zetu aliyepanga nyasi legelege alijulikana mvua ya kwanza.

Doto, 07:54
Babu, fundi wangu wa bati nimemjua mvua ya kwanza na simu hapokei. Ndoo nne sebuleni 😂

Shangazi Milembe, 07:55
Lakini wanauma?

Kulwa, 07:56
Hapo video haijadanganya. Ukigusa lile paa wanakutokea kundi zima.

Mjomba Masanja, 07:58
Tuacheni Amazon. Kenchi yangu je?

Kulwa, 08:03
Wako ni wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Hawaili, mjomba. Jike anachimba, anaweka bonge la chavua, anataga yai, anaziba kwa unga wa mbao, anaanza chumba kingine. Dume hana mwiba. Jike anao, ila mpaka umshike.

Mjomba Masanja, 08:04
Nimeshanunua dawa ya kupuliza.

Kulwa, 08:07
Subiri kwanza. Pasheni za shangazi hapo ukutani zinazaa kwa sababu yao. Ua la pasheni limeinua vitu vyake vya chavua juu, nyuki wa asali ni mdogo, anapita chini anakula bila kugusa. Huyu mweusi akiingia, mgongo wote unasugua chavua.

Shangazi Milembe, 08:08
Masanja usithubutu.

Mjomba Masanja, 08:09
Kwa hiyo nyumba yangu ianguke wewe unywe juisi?

Kulwa, 08:11
Paka mbao rangi, iliyopakwa hawaipendi sana. Na uwawekee gogo kavu karibu na pasheni, watoboe hilo.

Mjomba Masanja, 08:13
Rangi iliishia getini. Gogo lipo, lile la mwembe ulioanguka.

Shangazi Milembe, 08:15
Lilete leo. Halafu, nani amechuma pasheni tatu za chini? Zilikuwa bado mbichi.

Shangazi Milembe, 08:19
Doto?

Doto, 08:31
Nipo kazini shangazi