Mama kafa na siri yake kwa sababu ya PANGABOI! Huyu muongozaji wa filamu atatumaliza

Sikio la Kinondoni
Wakuu, heshima zenu. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa mwaka jana, hasira hizi ni mpya. Ninayemsema mnamjua. Yule yule wa droni, ambaye lazima aanze na Daraja la Tanzanite kutokea angani hata kama hadithi ni ya Mbagala.

Kwa saa mbili kasorobo watu tumesubiri kitu kimoja tu: binti ajue baba yake ni nani. Mama yuko kitandani, anakata roho, anamvuta binti karibu, anafungua mdomo... PANGABOI! Pangaboi linanguruma kama helikopta ya kampeni. Juu ya pangaboi kuna kinanda, juu ya kinanda kuna kunguru, kunguru wa Dar nzima wamefanya kikao dirishani. Mama kasema, binti kalia, sisi hatujasikia. Mama kafa. Filamu imeisha!

Na dawa yake haigharimu hata mia. Zima pangaboi, zima friji, funguo za gari zitupie humo ndani ya friji ili asiwepo wa kuondoka bila kuiwasha tena. Mama amelala, hatembei, kwa hiyo maiki ya mti, ile inayoshikwa kwa fimbo ndefu, inashuka mpaka nusu mita kutoka mdomoni, juu kidogo ya ukingo wa picha. Wao wametegemea maiki ya kwenye kamera, iko mita tatu huko, ndiyo maana tumesikia chumba kizima isipokuwa mama. Mti hamna? Bandika ya kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, plasta juu na chini isisuguane na kitenge kipya chenye wanga. Kisha watu wote kimya, mrekodi sekunde 30 za chumba kitupu, mhariri apate cha kuzibia viraka. Na mama akianza kusema, kinanda kishuke desibeli 15. Kinanda kina siri gani ya kumwambia binti?

Na kama vyote vimeharibika, si mngemwita mama studio arudie ile sentensi? Sentensi MOJA, wakuu! Mama kafungua mdomo, pangaboi likajibu!

Fundi Taa
Mkuu unalilia sauti, picha hukuiona? Ile mistari myeusi inayopanda ukutani pale wodini ulidhani ni malaika wa kifo? Umeme wetu ni 50 Hz, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera wameiacha fremu 30 kwa sekunde, shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/60 ya sekunde, vile vile ilivyotoka dukani Kariakoo. Weka fremu 25, shata 1/50, mistari inapotea. Ni kubonyeza menyu tu.

Mzaramo Original
Mleta mada punguza jazba, unalia kuliko wafiwa wa kwenye filamu. Siri iliandikwa pale chini kwa Kiingereza. Soma!

Sikio la Kinondoni
Nimesoma! Imeandikwa baba yake ni mtu mwenye umbo dogo! Sasa ni nani, yule mfupi wa dukani?

Shangazi Kimara
Mama kasema "baba yako mdogo", angalieni midomo. Mtafsiri kakamata neno moja moja kama anayechambua mchele. Ukoo mzima umechafuka halafu tafsiri inamsingizia muuza duka wa watu. Tafsiri apewe mtu mwenye hadithi nzima mkononi, siyo karatasi ya maneno matupu.

Sikio la Kinondoni
Asante Shangazi, ila ndiyo hoja yangu! Kwa nini tusome midomo? Tulikuja kwenye filamu au kwenye shule ya viziwi? Lile PANGABOI...

Kucha za Temeke
Mnaacha la maana. Binti anaingia wodini ana wigi la kupasua katikati, anakaa kitini wigi la pembeni, anasimama limerudi katikati. Kila kamera inapozimwa piga picha kwa simu: nywele, hereni, mikono ya nguo, glasi ya maji imejaa hadi wapi. Kesho yake unalinganisha kabla ya kuwasha. Na mgonjwa wa mwezi mzima kucha za gel amezitoa wapi?

Babu wa Madoido
Afadhali wigi. Ile damu ya ajali ni sharubati ya Ramadhani kabisa, imeng'aa kama taa ya bodaboda. Chukua glukosi nzito kikombe kimoja, rangi nyekundu ya chakula kijiko cha chai, unga wa kakao nusu kijiko ipate weusi, maji kidogo ukiona haitiririki. Tia tone la sabuni ya vyombo ili shati lifulike. Ila yenye sabuni isiingie mdomoni wala machoni, ya mdomoni pika pembeni.

Fundi Taa
Babu, jua la saa saba si inaganda?

Babu wa Madoido
Inaganda na nzi wanajaa. Iweke kivulini, ipake dakika ya mwisho, na kitambaa chenye maji kiwe karibu.

Sikio la Kinondoni
Wakuu, turudi kwa mama jamani.

Kucha za Temeke
Babu, hiyo kakao ni ya kunywa yenye sukari au ile chungu?

Babu wa Madoido
Ile chungu. Ya kunywa ina maziwa, inageuka rangi ya waridi.