Dawa ikiibwa zahanati, mdai awe Jamhuri au mgonjwa?

Mleta mada:
Naomba tulijadili hili kwa hoja. Kwa utaratibu wetu Tanzania, dawa za serikali zikiuzwa mlango wa nyuma, aliyekosewa ni Jamhuri. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanachunguza, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) anashtaki, na mgonjwa aliyeambiwa "kanunue nje" akibahatika ataitwa kuwa shahidi tu. Mimi nasema yeye ndiye aliyeibiwa, na alichoibiwa ni haki ya kuishi, ile ya Ibara ya 14 ya Katiba. Apewe mlango wa kudai mwenyewe. Ibara ya 9(h) inazitaka mamlaka zote zihakikishe rushwa na upendeleo vinaondolewa nchini. Kwa nini ibaki maandishi?

Wakili, Dodoma:
Ndugu mleta mada, imebaki maandishi kwa sababu Katiba yenyewe imetaka hivyo. Soma Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu ile yenye Ibara ya 9 hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Ukienda Mahakama Kuu na 9(h) peke yake, kesi inaishia kwenye pingamizi la awali. Ibara ya 14 inashikika, lakini tangu marekebisho ya 2020 kwenye sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu, Sura ya 3, lazima uambatishe kiapo kinachoonyesha wewe binafsi umeathirika vipi. Shirika haliwezi kusimama hivi hivi kwa niaba ya kijiji kizima.

Halafu kuna hukumu ya mwaka 2010 ya Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, shirika la kiraia la SERAP dhidi ya Nigeria, kuhusu fedha za elimu ya msingi zilizoliwa. Majaji walikubali kwamba elimu ni haki inayodaiwa mahakamani. Lakini wakasema wizi wa fedha peke yake ni jinai, haujawa ukiukwaji wa haki ya elimu, mpaka mdai aonyeshe uhusiano wa wazi kati ya fedha ile iliyoibwa na mtoto kukosa shule. Hapo ndipo dai lako litakapokwama.

Mleta mada:
Wakili, hukumu hiyo umeisoma nusu. Mahakama ile ile iliitaka serikali itoe fedha kuziba pengo, ili watoto wasikose elimu wakati wahusika wanafuatiliwa. Hakimu wa jinai hakupi amri ya namna hiyo. Atamfunga mwizi, rafu itabaki tupu.

Mfamasia, Mwanza:
Uhusiano anaoudai wakili upo, na umeandikwa kwenye meza tatu za kituo kimoja.

Stoo kuna leja: salio la mwanzo, kilichopokelewa, kilichotoka, kilichobaki. Chumba cha daktari kuna kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, cha wagonjwa wa nje. Maabara kuna daftari la vipimo. Chukua dawa ya mseto ya malaria, maana hiyo inahesabika kirahisi: dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, yaani vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Tuseme mwezi umeanza na dozi 40 za watu wazima, zikapokelewa 60, na rafuni zimebaki 20. Maana yake zimetoka 80. Kitabu namba 5 kinaonyesha watu wazima 45 waliokutwa na malaria wakapewa mseto. Dozi 35 hazina mgonjwa. Sasa fungua mwezi unaofuata, tafuta siku ambazo leja inasoma sifuri, kisha hesabu walioandikiwa mseto siku hizo wakaondoka mikono mitupu. Hao ndio wadai wako, kwa tarehe.

Mjanja atajaza wagonjwa hewa kwenye kitabu namba 5 ili hesabu zilingane. Ndiyo maana nimetaja maabara: kila mgonjwa wa malaria lazima awe na kipimo chake, na kila kipimo cha haraka kilichotumika kimetoka kwenye leja yake. Kughushi vitabu vitatu kunahitaji watu watatu walioafikiana, na watatu hawatunzi siri kama mmoja.

Nawasihi lakini msikimbilie kumwita mtu mwizi. Sifuri inaweza kuwa ni MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, kuleta pungufu, kwa hiyo linganisheni oda na hati ya kupokelea mzigo kabla ya yote. Inaweza kuwa dawa zimechina. Hizo nazo zina fomu yake ya kuondolewa. Inaweza kuwa kituo jirani kiliazima, na hapo lazima pawepo hati yenye sahihi za pande zote mbili. Pengo lisilo na hati yoyote kati ya hizo ndilo la kupeleka mbele.

Mahali penye tundu kubwa ni siku ya kupokea mzigo. Wajumbe wa kamati ya kituo wanaitwa gari likiwa limeshaondoka, wanaoneshwa maboksi, wanasaini. Boksi linahesabiwa likiwa limefunguliwa, tena mbele ya dereva, kwa sababu baada ya sahihi yenu upungufu wote ni wa kituo.

Na mkikuta dukani dawa yenye alama ya GOT, ambayo ndiyo alama ya mali ya serikali, msigombane na muuzaji. Pigeni picha boksi, namba ya toleo (batch) na tarehe ya kuisha muda vionekane. Namba ya toleo ndiyo itakayosaidia kufuatilia ilipelekwa vituo gani.

Mkaguzi wa hesabu, Nakuru:
Majirani, msidhani katiba nzuri inamaliza kazi. Hapa Kenya Ibara ya 43 inatupa haki ya afya na korti inaitekeleza. Ibara ya 22 inamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa maslahi ya umma. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Pamoja na hayo yote, 2020 Mkaguzi Mkuu wa Serikali alihoji shilingi bilioni 7.8 za ununuzi wa vifaa vya Covid pale KEMSA, bohari yetu ya dawa ya serikali.

Kwa maoni yangu kinachowauma mafisadi ni kesi ya madai. Kifungu cha 55 cha sheria yetu ya ufisadi ya 2003 kinaiwezesha EACC, tume yetu ya kupambana na ufisadi, kumwita ofisa mahakamani aeleze mali isiyolingana na kipato chake. Hapo haihitajiki kuthibitisha bila kuacha shaka. Mizani ya uwezekano inatosha, na akishindwa kueleza anailipa serikali thamani yake. Ila hizo kesi huchukua miaka, na pesa zikirudi haziendi moja kwa moja kwa zahanati iliyoibiwa. Kwa hilo naungana na mleta mada.

Mtetezi wa haki za wanawake, Morogoro:
Mnaongelea dawa tu. Kuna rushwa isiyo na leja: ya ngono. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamlenga mwenye mamlaka, adhabu isiyozidi miaka mitatu jela au faini isiyozidi shilingi milioni tano, au vyote. Mwaka 2024 lilikuja pendekezo la kumtia hatiani na yule anayetoa. Watetezi walilipinga kwa nguvu, na kifungu kile kikaondolewa. Fikirini kingepita: mwanafunzi aliyebanwa na mhadhiri angeripoti vipi, wakati kuripoti ni kujishtaki? Ukiitazama rushwa kama jinai ya watu wawili waliopatana, hilo pendekezo linaonekana sawa kabisa. Ukiitazama kama haki ya mtu iliyovunjwa, unaona mara moja kuna mkosaji mmoja na mwathirika mmoja. Mtazamo unabadilisha nani anaogopa kuingia ofisi ya TAKUKURU.

Wakili, Dodoma:
Dada, hoja hiyo naikubali, na imenisogeza. Mfamasia naye amejibu swali la uhusiano vizuri kuliko nilivyotarajia. Bado nasema jinai isiachwe, maana ni dola tu yenye uwezo wa kupekua na kukamata. Ila Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa wa 2003, ambao Tanzania imeuridhia, kwenye ibara ya 35 unazitaka nchi zimpe aliyeumizwa na rushwa njia ya kudai fidia. Vyote viwili viende pamoja.

Kwa anayetaka kuanza: msiombe leja kwa mdomo. Andikeni barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Ombeni jumla tu: dozi zilizopokelewa, zilizotoka, wagonjwa waliopewa, na tarehe zilizosoma sifuri. Mkiomba majina ya wagonjwa mtanyimwa kwa sababu ya usiri, na kunyimwa huko kutakuwa halali. Ombeni miezi mitatu mfululizo, kwa kuwa mwezi mmoja utaelezwa kama makosa ya kuandika. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Bila muhuri huo hamna pa kuanzia kuhesabu siku 30 za kujibiwa.