Mitali ya fedha ya bibi, sonara anataka kuiyeyusha

BintiUnguja
Habari wadau, bibi mzaa mama katuachia mitali miwili ya fedha, zile bangili za miguuni, mizito kweli, na kipini cha dhahabu cha puani, vyote vilikuwa vya mama yake. Nimempelekea sonara mmoja akaweka kwenye mzani tu akasema ananunua kwa gramu ayeyushe, hata nakshi hakuiangalia! Roho imeniuma. Hivi walikuwa wanavaaje hii mitali na mbona mizito hivi?

mlamu_halisi
Usiuze dadangu tafadhali. Fedha nyingi ya mapambo ya zamani huku pwani na kule Oman ilitoka kwenye reale, zile sarafu za Maria Theresa zenye mwaka 1780, moja ina gramu kama 28, watu walikuwa wanampelekea mfua fedha anaziyeyusha anafua mtali au kikuku. Uzito wenyewe ndo akiba ya mwanamke, mali yake si ya mume, akiachwa anaondoka nayo miguuni na shida ikija anauza mmoja. Bibi zetu wa Unguja walivaa surwali ya marinda na kanzu juu, mitali inakaa pale chini ya marinda. Tafuta picha za Salme binti Said, yule binti wa sultani aliyekimbia Unguja 1866, uone mwanamke wa kifalme alivyopambwa.

Mama Kidani
Na masikio jamani msiyasahau! Mwenye uwezo alivaa majasi ya dhahabu au fedha kwenye matundu makubwa, asiye nacho aliviringisha karatasi za rangi akaweka humohumo na akapendeza vilevile. Utumwa ulipofutwa Unguja 1897 wanawake waliokuwa watumwa wakajifunga kanga nzuri na kujipamba wakatembea mjini kama waungwana, yani mimi hilo linanigusa kuliko dhahabu yote ya ikulu.

fundi_fedha
Mimi nafanya kazi hii. Usisugue na stilwaya wala dawa kali, ule weusi kwenye nakshi uache, futa na kitambaa laini basi. Sumaku isinase, ikinasa kuna chuma ndani. Muulize mama nani alimpa nani na lini uandike, maana hivi vitu vya kale mara nyingi havina muhuri wowote. Halafu piga picha upande wa ndani wa mtali na ule mguu wa kipini utuwekee hapa, tuone kama vilifuliwa kwa mkono.