Naomba ushauri: ndege wa mlangoni mwa Mto Sabaki

Ndugu wanachama, assalaam aleikum. Mimi ni mkazi wa Malindi, na kila kaskazi inapokwisha huenda mlangoni mwa Mto Sabaki kuwatazama sululu na vitwitwi, ndege wahamao wa ufukweni, wanaojinenepesha kabla ya safari yao ya kurudi kaskazini.

Juzi alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, niliona juu ya fungu la mchanga ndege wapatao kumi wenye mabawa marefu mfano wa mbayuwayu, ila wakubwa zaidi, kifua chini kikiwa na rangi ya kutu na mstari mweupe chini ya jicho. Nashuku ni wale watokao Madagaska, ambao huja pwani yetu wakati sululu na vitwitwi wakiondoka, lakini wana jamaa yao wa bara anayefanana nao, ila yeye ana mstari mweusi wa kuzunguka koo. Nimelinganisha na kitabu bila kuridhika. Picha za simu kupitia darubini ni ukungu mtupu, na mvuvi niliyemuuliza alicheka, akasema ni mbayuwayu walioshiba.

Kwa hawa sikuuona mstari huo mweusi. Je, hilo pekee linatosha kuwatofautisha? Na wanaporuka, niangalie alama gani kwenye bawa?